Mkutano wa kimataifa uupeleke nchi gani? Kigali, Nairobi, Arusha, Ulaya na Kanada kwa jicho la viza

Kamati nyingi za maandalizi huanza na ukumbi. Picha zinapitishwa, bei za hoteli zinalinganishwa, anatafutwa mtu wa kuulizia ndege, na suala la viza linaletwa mwishoni na kujibiwa kwa sentensi moja: washiriki watapewa barua za mwaliko. Jibu hilo limewaacha watu wengi nyumbani. Barua ya mwaliko ni kiambatisho tu cha maombi. Anayeamua ni ofisa ambaye hajawahi kusikia jina la mkutano wenu.

Julai 2022 mkutano wa dunia kuhusu UKIMWI ulifanyika Montreal, Kanada. Afrika ndiyo yenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo, lakini wajumbe wake wengi hawakufika kwa kuwa maombi yao yalikataliwa au hayakujibiwa kabisa. Winnie Byanyima, Mganda anayeongoza UNAIDS, alieleza hadharani kwamba naye nusura azuiwe kupanda ndege uwanjani Geneva. Ikiwa mkuu wa shirika la Umoja wa Mataifa anahojiwa hivyo, muuguzi wa zahanati aliyealikwa kueleza kazi yake ana nafasi gani? Julai 2025 jumuiya iliyoandaa mkutano ule ilifanya mkutano wake wa kisayansi Kigali.

Watafiti wa akili mnemba walipitia hayohayo. Mkutano wao mkubwa, NeurIPS, ulikaa Kanada mwaka 2018 na 2019, na miaka yote miwili watafiti wa Kiafrika wakakwama kwenye viza. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mkutano mwingine wa fani hiyo, ICLR, uliamua kwenda Addis Ababa mwaka 2020. Korona ikausukuma mtandaoni, na ahadi ya kuja Afrika ikatimia Kigali, Mei 2023.

Kwa hiyo hapa nazilinganisha nchi ambazo kamati za ukanda wetu huziweka mezani mara nyingi. Nasema wazi mapema kwamba sina usawa: kwangu bei ya hoteli ina uzito mdogo kuliko kiti kitakachobaki kitupu. Masharti ni yale ya hadi mwaka 2025. Viza hubadilika haraka, basi kabla ya kusaini chochote fungua tovuti ya idara ya uhamiaji ya nchi husika.

Mpime mwenye pasipoti dhaifu

Usihesabu ni mataifa mangapi yanaingia bila viza. Hesabu hiyo inafaa matangazo ya utalii. Andika orodha ya watu ambao wasipokuwepo mkutano wenu hauna maana, kisha umtafute mwenye pasipoti dhaifu kuliko wote: mwanafunzi wa uzamivu wa Kinshasa, mtafiti wa Dhaka, daktari wa Mogadishu, au mkimbizi anayesafiri kwa hati ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 badala ya pasipoti. Muulizie huyo mambo manne. Nani anaamua kama ataingia? Anaamua lini? Inamgharimu kiasi gani? Akikataliwa, anapoteza nini?

Swali la nne ndilo linalosahaulika zaidi. Kuna nchi ambako kukataliwa kunampotezea mtu ada, nauli ya kwenda mji mkuu na wiki kadhaa bila pasipoti mkononi, na kila ombi la baadaye litamuuliza kama aliwahi kunyimwa viza. Mjumbe wa Stockholm hana hatari yoyote kati ya hizo. Kuchagua nchi ni kuamua nani abebe hatari hiyo, hata kama kwenye muhtasari wa kikao haitaandikwa hivyo.

Kigali

Kwa viza peke yake, Rwanda haina mpinzani katika orodha hii. Tangu Januari 2018 raia wa nchi yoyote duniani anaweza kupata viza akishafika. Mwaka 2020 ada ya siku 30 iliondolewa kwa raia wa nchi za Umoja wa Afrika, Jumuiya ya Madola na Francophonie (jumuiya ya nchi zinazotumia Kifaransa), na Novemba 2023 Rais Paul Kagame akatangaza kwamba Mwafrika yeyote ataingia bila viza. Ziweke jumuiya hizo tatu pamoja uone zinavyoifunika ramani: Nigeria, Sudan, Somalia, India, Pakistan, Bangladesh, Vietnam, Haiti. Anayebaki nje, tuseme Mbrazili, hulipa dola 50.

Faida kubwa kwa mwandaaji ni muda. Mikutano mingi ya kisayansi hutangaza makala zilizokubaliwa miezi miwili au mitatu kabla. Kwa Kigali muda huo unatosha na kubaki. Mtu anaweza hata kupata ufadhili wiki mbili kabla na bado akaja. Ukumbi upo pia: Kigali Convention Centre ilifunguliwa 2016, na ukumbi wake mkuu unachukua watu takriban 2,500. Mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Madola ulifanyika katika jiji hilo Juni 2022, na ule wa Women Deliver, wa usawa wa kijinsia, Julai 2023, kwa hiyo maofisa wa uwanja wa ndege wameshazoea kupokea makundi.

Lakini viza siyo safari yote. Burundi iliufunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024, na mtu wa Bujumbura ambaye angepanda basi asubuhi akafika siku hiyohiyo analazimika kutafuta njia nyingine. Mwaka 2025, baada ya waasi wa M23 kuingia Goma, Congo ilifunga anga lake kwa ndege za Rwanda. Mhadhiri wa chuo cha serikali Kinshasa haombwi viza Kigali, ila akirudi kwao atatakiwa kueleza alifuata nini kule. Wapo watakaokuja, wapo watakaokwambia wana homa. Kama mkutano wenu ni wa Maziwa Makuu, na Wakongomani na Warundi ndio wenye jambo, ubora wa viza ya Rwanda hauwafai kitu. Waulizeni wao kwanza, kwa simu na siyo kwa barua pepe ya kundi.

Nairobi

Januari 2024 Kenya ilitangaza kwamba imefuta viza kwa dunia nzima. Kilichofuata ni eTA, idhini ya kusafiri inayoombwa mtandaoni kabla ya kupanda ndege, kwa dola 30, ukiambatisha tiketi, mahali pa kulala na, kwa mjumbe wa mkutano, barua ya mwaliko. Wamalawi na Waafrika Kusini, waliokuwa wakiingia bila fomu yoyote, wakajikuta wanajaza fomu na kulipa. Kejeli zilikuwa nyingi na zilistahili. Mwaka 2025 serikali ikarekebisha: Waafrika karibu wote wakasamehewa eTA, wa nje ya Afrika Mashariki kwa kukaa hadi miezi miwili.

Walioachwa nje ni Somalia na Libya, kwa sababu zilizotajwa kuwa za usalama. Hapo ndipo mwandaaji asome mara mbili. Somalia ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2024, na Nairobi ndiyo inayopokea vikao vingi vinavyoihusu nchi hiyo. Mkutano kuhusu Pembe ya Afrika ukipelekwa Nairobi, Msomali ndiye atakayejaza fomu na kusubiri huku mtaalamu wa masuala ya Somalia kutoka Ghana akipita.

Nje ya hilo, Nairobi ni chaguo imara. Wakongomani wanaingia bila viza tangu Septemba 1, 2023. Mbangladeshi na Mbrazili wanajaza fomu ileile kwa bei ileile, na kwa kawaida jibu huja ndani ya siku chache. eTA ina faida moja ambayo wengi hawaioni: mtu anajua amekubaliwa akiwa bado kwao. Viza ya kupewa ukifika ni nafuu kwa karatasi, ila mwenye pasipoti dhaifu hushindwa kulala usiku wa kuamkia safari, na watumishi wa shirika la ndege wasioijua sheria wanaweza kumrudisha kaunta kabla hata hajaondoka kwao. Kwa mjumbe wa namna hiyo, karatasi iliyochapishwa ina thamani kuliko ahadi ya mlangoni. Nimeona watu wazima, maprofesa, wameishika kwa mikono miwili.

Umoja wa Mataifa una moja ya makao yake Gigiri, mtaa wa Nairobi, kwa hiyo mji umezoea wageni wa mikutano. Wikimania, mkutano wa dunia wa wachangiaji wa Wikipedia, ulifanyika Nairobi Agosti 2025.

Arusha na Dar es Salaam

Arusha ina jina. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapo, na kituo cha mikutano cha AICC kimepokea vikao vya kila aina tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Raia wa nchi nyingi za Jumuiya hawaombi viza, na wa nchi nyingi za SADC hali kadhalika. Mzungu wa Ujerumani huomba mtandaoni na kulipa dola 50. Mmarekani hulipa 100 na kupewa viza ya kuingia mara nyingi.

Tatizo la kwanza ni viza rejea. Tanzania ina orodha ya mataifa ambayo ombi la raia wake lazima lipelekwe kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji kabla ya kuamuliwa, na hao hawawezi kutegemea viza ya uwanjani. Kwa miaka mingi orodha hiyo ilikuwa na Nigeria, Bangladesh na Sri Lanka, pamoja na nchi kadhaa zenye vita. Nigeria peke yake inatosha kuharibu mkutano wa bara zima, maana ni vigumu kupata fani ya Kiafrika isiyokuwa na Wanigeria mstari wa mbele. Orodha hurekebishwa, kwa hiyo iangalieni upya mwaka wenu. Mwenyeji mwenye uzito, kama wizara au chuo kikuu cha umma, anaweza kuwaombea wajumbe kwa pamoja, ila aanze miezi minne kabla na amteue mtu wa kufuatilia faili kila wiki.

Tatizo la pili ni aina ya viza. Viza ya kawaida ni dola 50, viza ya biashara ni 250, na mstari kati yake huchorwa na ofisa aliye mbele yako. Mjumbe anayesema amekuja kusikiliza mada anaweza kupita kwa 50. Mwenzake, anayeendesha warsha na kulipwa posho ya uwezeshaji, anaweza kuambiwa anafanya kazi. Ombeni msimamo wa Uhamiaji kwa maandishi, mpeni kila mjumbe nakala, na mwelezeni aandike nini kwenye fomu. Hili ni dogo, lakini ndilo linalowakasirisha wageni kuliko ada yenyewe, kwa sababu wawili wa ndege moja wanalipa tofauti. Mkienda Zanzibar, ongezeni bima ya lazima ya dola 44 kwa kila mgeni wa kigeni, iliyoanza Oktoba 2024.

Kuna la tatu, linalogusa mikutano ya haki za binadamu na siasa. Mei 2025 Martha Karua, waziri wa zamani wa sheria wa Kenya, alifika Dar es Salaam kufuatilia kesi ya Tundu Lissu akarudishwa kwao kutoka uwanjani. Mkenya haombwi viza Tanzania. Kutohitaji viza hakumlazimishi ofisa kukuruhusu kuingia, na mkutano wa namna hiyo unatakiwa kupimwa kwa historia ya waliorudishwa, katika nchi yoyote ile, kabla ya kupimwa kwa ada.

Ulaya ya Schengen

Hapa, katika nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, maamuzi hufanyika ubalozini. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, na haijumuishi tozo ya kampuni inayopokea maombi. Ombi halipokelewi mapema zaidi ya miezi 6 kabla ya safari. Kanuni inataka jibu ndani ya siku 15, zinazoweza kufika 45. Siku hizo zinahesabiwa ombi likishapokelewa, na kupata miadi ya kulipeleka kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko uamuzi wenyewe. Mtu wa Mwanza anasafiri hadi Dar es Salaam kutoa alama za vidole. Anahitaji bima ya yuro 30,000, taarifa ya benki, barua ya mwajiri na ushahidi kwamba atarudi. Mwanafunzi asiye na mshahara wala kiwanja, ambaye ndiye mikutano inasema inamtaka, ndiye dhaifu kuliko wote kwenye karatasi hizo. Muda huo wote pasipoti yake iko ubalozini.

Turudi kwenye kalenda. Makala ikikubaliwa miezi miwili kabla, mjumbe wa Schengen ameshachelewa. Mnaotaka Ulaya, sogezeni tarehe ya majibu hadi miezi mitano kabla, au msijidanganye.

Haki yake Ulaya ipewe: kwa Mbrazili, Mmeksiko, Mkolombia, Mmalaysia na Mkorea, Schengen haina viza ya safari fupi. Mkutano ambao uzito wake ni Amerika ya Kusini na Asia Mashariki unaweza kukaa Lisbon kwa urahisi kuliko unavyodhaniwa.

Na hata msipokwenda Ulaya, Ulaya inaweza kuwafuata. Raia wa nchi 12, zikiwemo Congo, Nigeria, Ghana, Ethiopia, Eritrea, Somalia na Bangladesh, wanahitaji viza hata kwa kubadilisha ndege tu ndani ya uwanja wa Schengen, ingawa kuna misamaha, kwa mfano kwa mwenye viza hai ya Kanada au Marekani. Kamati ikichagua Bogotá kwa kuwa ni “Kusini mwa dunia”, Mkongomani anayepitia Paris anajikuta na viza mbili za kuomba. Mkutano wa RightsCon wa 2023, wa haki za binadamu na teknolojia, uliofanyika Kosta Rika, uliwakosa wajumbe wengi wa Afrika na Asia kwa sababu ya viza. Nchi kuwa ya Kusini hakumfungulii mtu mlango, hasa kama haina ubalozi karibu naye.

Kanada na Marekani

Kanada hutoza dola zake 100 kwa ombi na 85 kwa alama za vidole. Mwandaaji anaweza kuusajili mkutano kwa idara ya uhamiaji na kupewa namba maalumu ambayo kila mjumbe huiandika kwenye fomu. Isajilini, inasaidia maombi kutambulika. Haigeuzi uamuzi.

Marekani ina mfano wa kale unaostahili kukumbukwa. Tangu 1987 hadi Januari 2010 ilizuia wageni wenye virusi vya UKIMWI kuingia. Mkutano wa dunia wa UKIMWI uliopangwa Boston mwaka 1992 ukahamishiwa Amsterdam, na haukurudi Marekani hadi Washington mwaka 2012. Hivyo mkutano wa kisayansi unaweza kuisusia nchi kubwa kwa miaka 20 na ukaendelea kuishi. Kwa sasa: amri iliyoanza Juni 9, 2025 ilifunga mlango kwa raia wa nchi 12, zikiwemo Somalia, Sudan, Eritrea na Chad, ikawabana Warundi na wengine sita, na kabla ya mwaka kwisha orodha ikaongezwa. Wamalawi na Wazambia wakawekewa dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000. NeurIPS ya 2025 ilikaa San Diego na ikafungua kituo cha pili Mexico City, ugumu wa viza ukiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Kwa mkutano wenye Waafrika wengi sioni sababu ya kuendelea kuijadili.

Cape Town nitaipita haraka: nzuri kwa Wakenya na Waghana, walioondolewa viza mwaka 2023, na kwa Watanzania. Wanigeria na Wakongomani bado wanaomba.

| Nchi | Uamuzi hufanyika wapi | Ada | Wa kuangaliwa zaidi |
|---|---|---|---|
| Rwanda | Mlangoni | Bure kwa wengi, wengine dola 50 | Wakongomani, Warundi (siyo kwa viza) |
| Kenya | Mtandaoni kabla ya safari | Waafrika wengi bure, wengine dola 30 | Wasomali, Walibya |
| Tanzania | Mtandaoni au mlangoni. Makao makuu kwa viza rejea | Dola 50, 100 au 250 | Nchi za viza rejea |
| Schengen | Ubalozini | Yuro 90 na tozo | Waafrika, Asia Kusini, vijana wasio na ajira |
| Kanada | Ofisi za viza | Dola za Kanada 185 | Haohao |

Ningechagua vipi

Mkutano wa bara zima wenye Wanigeria, Wasenegali, Waethiopia na wageni wa Asia Kusini: Kigali, bila kusitasita sana. Mkutano wa Maziwa Makuu, au wowote ambao Wakongomani ni sehemu kubwa: Nairobi. Vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, au mkutano mdogo wenye mwenyeji wa serikali: Arusha inatosha, na inapendeza. Mkutano ambao robo tatu ya wajumbe ni Wazungu na Walatini ufanyike Ulaya, kwa sharti kwamba bajeti ya viza za waliobaki iwekwe mezani tangu siku ya kwanza. Kuwaambia walionyimwa viza wajiunge kwa Zoom hakuhesabiki kama mpango. Mtu anayeonekana kwenye skrini saa 9 usiku kwa saa za kwao hakuhudhuria.

Kabla ya kusaini mkataba wa ukumbi, pateni barua ya idara ya uhamiaji au wizara inayotaja mkutano kwa jina, aina ya viza inayotakiwa, na ofisa wa kuwasiliana naye mambo yakikwama. Wekeni kipengele cha kurudishiwa fedha au kuahirisha kama masharti ya kuingia yatabadilika. Waelezeni wajumbe mapema kuhusu cheti cha homa ya manjano, hasa wanaotoka au kupita nchi zenye ugonjwa huo, maana watu wenye viza safi wameshasimamishwa kwa kukosa kile kijitabu cha njano. Ada ya usajili ya aliyenyimwa viza irudishwe yote, na kama fungu linaruhusu, mrudishieni pia alicholipa ubalozini. Mkutano unaoona gharama hiyo ni kubwa mno ufanye hesabu upya ya nchi uliyoichagua.